Baba anataka sebule ya duara, fundi hataki kusikia

Binti_Kagera:
Habari za saa hizi wadau. Tunawajengea wazazi nje kidogo ya Bukoba. Ramani ni ya kawaida, vyumba vitatu, ila mzee ana sharti moja: sebule iwe ya duara. Kazaliwa kwenye msonge na anasema nyumba za kona kona hazijawahi kumpa raha. Fundi wetu anadai duara ni hasara tupu, matofali yatakatwa mno na bati zitaisha, twende na mraba wa mita 4 kwa 4 tumalize. Matofali ni ya saruji, inchi 6, yameshafyatuliwa. Msingi haujachimbwa. Je, ni kweli duara linakula hela hivyo, au jamaa anakwepa kazi?

Hesabu_Kwanza:
Kwa hesabu mzee yuko sahihi. Ukuta wa mita 16 ukiuzungusha mraba unapata mita za mraba 16. Ukuta huo huo ukiufanya duara unapata 20.4. Hakuna umbo linalokupa eneo kubwa zaidi kwa urefu ule ule wa ukuta. Bei sijui, mimi ni mwalimu tu.

Fundi_Timazi:
Dada, fundi wako hajakudanganya, ila hajamaliza maneno. Tatizo ni tofali lako. Lina urefu wa sentimita 45, upana 15, na limenyooka. Ukilipanga kwenye duara la kipenyo cha mita 5, kwa ndani matofali yanagusana, kwa nje yanaachana karibu sentimita 3. Weka na saruji ya kuungia, unakaribia 4. Na hiyo ni kila kiungo, kila kozi (mstari wa matofali), kuanzia msingi hadi lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya ukuta. Ukuta unatoka na vipembe vipembe, na fundi wa lipu atavijaza huku anakulaani. Ukiyakata nusu mwanya nao unapungua nusu, lakini sasa unamlipa mkataji. Ungekuwa na tofali fupi la kuchoma nisingebisha, lile linafuata duara bila ugomvi.

Halafu paa, na hapa ndipo watu hawaangalii. Mimi mtu akinionyesha ramani huwa nauliza kwanza anaezeka nini. Msonge wa Kihaya ulikuwa duara kwa sababu vifaa vyake vilitaka duara: fito zinapindika, nyasi unazishusha mpaka chini na hazina kona. Bati halipindiki hivyo. Kufunika duara kwa bati ni kukata vipande vyembamba vyembamba kama vya keki, na kila mkato ni mahali pa kuvuja.

Jenga pembe nane. Kila upande mita 2, jumla mita 16 zile zile, eneo 19.3. Ukilinganisha na duara umepoteza mita moja ya mraba tu. Pande zote zimenyooka, kwa hiyo matofali uliyonayo yanatumika, dirisha la kawaida linaingia, kabati linaegemea ukuta. Paa lina nyuso nane zinazofanana, kwa hiyo kipande cha bati kilichokatwa uso mmoja unakigeuza kinaenda uso mwingine.

Kuseti msingi wake si kazi ya kuogopa. Seti kwanza mraba wa mita 4.83. Kona zipate kwa 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5 inakupa kona ya nyuzi 90), ila tumia mita, usitumie futi. Pembetatu ndogo inaficha kosa. Pima kona kwa kona inayoikabili, mara zote mbili tepu isome 6.83. Sasa kata kamba nusu ya hiyo, 3.415. Ifunge kwenye kigingi cha kona moja, inyooshe juu ya upande wa kulia uweke alama, kisha juu ya upande wa kushoto uweke alama. Fanya hivyo kona zote nne. Utapata alama nane, na hizo ndizo kona za sebule. Kati ya alama na alama tepu isome mita 2. Isiposoma, mraba wako umelala, usichimbe.

Mtu_wa_Kilwa:
Pembe nane wala si ugeni huku kwetu. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, lina bwawa la pembe nane. Na fundi kasema kweli kuhusu paa. Ingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe: vyumba virefu halafu vyembamba, mara nyingi upana haufiki mita 3, kwa sababu boriti za mikoko ndipo zinapoishia. Waliotaka upana zaidi, kama kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa, walisimamisha nguzo wakaweka matao na kuba.

Saiti_Bila_Stresi:
Kona nane ni nguzo nane wakuu. Mzee ajengewe kibanda cha duara bustanini, sebule ibaki mraba.

Fundi_Timazi:
Nguzo nane ni kweli, sikatai. Kona ya nyuzi 135 matofali hayaumani vizuri, lazima umwage zege. Gharama inapanda, ila si ya kumnyima mzee sebule.

Binti_Kagera:
Asanteni sana. Nimemsomea baba, pembe nane ameikubali. Anauliza mlango ukae wapi, na paa litaunganaje na la nyumba?

Fundi_Timazi:
Mwambie shikamoo. Upande unaogusana na nyumba uwe mlango wa ndani, wa nje auchague mwenyewe, lakini ukae katikati ya upande, usikaribie kona. Paa la sebule lipandishe liwe juu ya lile lingine, maji yadondokee kwenye bati la chini. Mkiyakutanisha sawasawa mtapata bonde, na kwa mvua za Bukoba hilo bonde litawasumbua kila masika. Na lenta izunguke pande zote nane bila kukatika, nondo zipishane kwenye kila kona, maana paa la namna hiyo linasukuma kuta kwenda nje.