Mrejesho: nodi yangu ya Bitcoin Core sasa inaona miamala ya zamani

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini nodi yangu (kompyuta inayoendesha programu ya Bitcoin Core), yenye bloku zote (mafungu ya miamala yanayounda mnyororo), inagoma kunionyesha muamala wa zamani kila nikitumia getrawtransaction, amri ya kuvuta muamala mmoja.

Mlionielekeza kwenye faharasa ya miamala (orodha ya mahali kila muamala ulipo) mlipatia, asanteni sana. Bila faharasa hiyo, ukitoa kitambulisho cha muamala peke yake nodi hutafuta kwenye miamala inayosubiri kuingia kwenye bloku tu; wa zamani lazima uitajie na bloku ulimo. Nimeongeza mstari txindex=1 kwenye faili la mipangilio, bitcoin.conf, nikaizima nodi na kuiwasha tena.

Kuna aliyehofia kwamba mnyororo mzima ungehakikiwa upya. Haikuwa hivyo: tangu toleo 0.17 la mwaka 2018, faharasa hujengwa chinichini huku nodi ikiendelea na kazi. Nilikuwa nachungulia kwa amri ya getindexinfo, namba ya bloku ikizidi kupanda na synced (yaani imekamilika) ikisema false, mpaka ikageuka true. Nikarudia amri ileile, muamala ukatoka mzima!

Angalizo kwa wenye diski ndogo: faharasa hii haipatani na prune, mpangilio unaofuta faili za bloku za zamani. Faharasa huhifadhi mahali muamala ulipo tu, wenyewe husomwa kutoka faili la bloku, sasa ukishalifuta utasoma nini? Ndiyo maana naona ni haki ibaki ya hiari, kwa sababu kuhakiki bloku hakuihitaji.

Na aliyeuliza kuhusu kutafuta kwa anwani: hapana, hii ni kwa kitambulisho cha muamala pekee.