Mwigizaji alipwe kila tamthilia inaporudiwa? Tumtazame Shaleen Surtie-Richards

HOJA: Shaleen Surtie-Richards, mzaliwa wa Upington, aliigiza Nenna katika Egoli, tamthilia ya runinga ya Afrika Kusini, tangu 1992 hadi tamthilia ilipofungwa Machi 2010. Ilirushwa siku tano kwa wiki. Hata ukihesabu wiki 45 tu kwa mwaka, vipindi vinapita 4,000. Jukwaani, pazia likifunguliwa mara mia, mwigizaji hulipwa mara mia. Kwenye runinga, aliyesaini malipo ya mkupuo huonekana mara mia kwa ujira wa siku moja ya kurekodi. Afrika Kusini iufanye mrabaha wa marudio, yaani malipo kila kazi inaporudiwa, kuwa haki ya kisheria.

JIBU: Ndugu, jukwaani mara mia ni jasho mara mia, marudio hayamtoi mtu jasho. Halafu tazama pesa zinakopita. Mara nyingi kituo ndicho kinachoagiza kazi, kinalipa bajeti yote na kuchukua haki zote. Mtayarishaji anabaki na ada yake tu. Ukimdai mrabaha miaka 20 baadaye, autoe wapi? Mwaka 2020 Rais Ramaphosa aliurudisha bungeni muswada uliohusu mrabaha wa waigizaji, na moja ya sababu ni vifungu vilivyogusa kazi za zamani.

JIBU: Basi deni limfuate anayeshika haki, yaani kituo. Na jasho silo kipimo pekee: kila saa ya marudio ni saa ambayo hakuna mwigizaji aliyeitwa kazini. Sheria ya kuwalinda waigizaji ni ya 1967, runinga ikaingia nchini 1976! Bunge liliupitisha muswada tena Februari 2024. Oktoba ukapelekwa Mahakama ya Katiba badala ya kutiwa saini. Shaleen alikwisha kufariki Cape Town, Juni 2021, akiwa na miaka 66.

JIBU: Wakati huo watu wanasaini mikataba kila siku. Kinachowaumiza ni mstari mmoja: haki zote, vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, milele. Maneno "vitakavyobuniwa" ndiyo yanayoibeba kazi ya runinga hadi intaneti bila senti kuongezwa. Kabla ya kusaini, taja miaka ya matumizi, taja kila chombo peke yake, andika asilimia ya malipo ya awali kwa kila marudio, na udai haki ya kuona kumbukumbu za urushaji. Bila kumbukumbu hizo, asilimia ni wino tu, maana hujui kipindi kimerushwa mara ngapi.

JIBU: Dada, hayo aliweza kuyadai mwenye jina, kama Shaleen baada ya kuigiza Fiela katika filamu ya 1988. Waigizaji wengi kule huhesabiwa kuwa wamejiajiri, hivyo sheria ya kazi haiwapi meza ya kukaa pamoja na kupatana viwango. Anayeitwa kwa siku mbili akikataa mstari ule, jioni hiyohiyo simu inapigwa kwa mwingine.