Naomba ushauri: maneno ya Kiingereza yenye vituko nayafasirije?

Habari zenu wapendwa. Nina daftari la maneno ya Kiingereza yenye vituko, na kila neno naliandikia maana kwa Kiswahili. Mengine hayasumbui: "lollygag" ni kuzubaa tu huku kazi inasubiri.

Nilipokwama ni "gobbledygook". Neno hili lilienezwa mwaka 1944 na Maury Maverick, mwanasiasa wa Texas aliyechoshwa na lugha ya ofisini isiyoeleweka. Alieleza kwamba huenda alikuwa akimuwaza bata mzinga dume anayelia "gobble gobble" huku akitembea kwa maringo. Nikiandika "maneno yasiyoeleweka", maana ipo, lakini bata mzinga katoweka, na kwangu mimi yeye ndiye utamu wenyewe! "Porojo" nayo haifai, kwa sababu porojo inaeleweka vizuri kabisa, ila haina maana.

Halafu kuna "chortle" ya mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, ya mwaka 1871. Inaaminika aliunganisha kicheko cha chini chini na mkoromo wa puani. Nilifikiria "kwikwi", nikaona msomaji atadhani mtu analia.

Naombeni ushauri wenu, hasa mliowahi kutafsiri. Je, nibuni maneno mapya kwa kuunganisha mawili kama alivyofanya Carroll, nitumie tanakali za sauti, au niliache neno la Kiingereza lilivyo na kulieleza kwa sentensi nzima? Na kama kuna anayejua tanakali ya kicheko kinachotokea puani, tafadhali aniandikie.