Mama yuko Malindi: tezi za mbali na suala la upasuaji

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Mama yangu yuko Malindi, ana saratani ya utumbo mpana, na skani imeonyesha kuwa imefika kwenye tezi za limfu (vinundu vidogo vya kinga ya mwili) zilizo mbali na utumbo. Nyumbani wanataka tumchangie aende India akatolewe tezi hizo haraka, nami niliye Leicester ndiye ninayetegemewa kutoa fungu kubwa. Naomba ushauri wa aliyepitia haya.

——

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Ami yangu wa Lamu aliugua maradhi hayo hayo nikiwa hapa Uholanzi. Kabla hamjachanga nauli, muulizeni daktari ni tezi zipi, ni ngapi, na kama kuna chochote kwenye ini, mapafu au utando wa tumbo. Tezi zilizo karibu na utumbo hutolewa pamoja na kipande cha utumbo wenyewe, na kwa kawaida hutakiwa zichunguzwe zisizopungua 12. Lakini zile za nyuma kabisa ya tumbo, kando ya mshipa mkuu wa damu, huhesabiwa kuwa za mbali, na ugonjwa ukifika huko huitwa hatua ya nne, yaani ya mwisho katika hesabu ya madaktari. Hata hivyo, wako wagonjwa wachache wa hatua hiyo wanaofikiriwa kupasuliwa, hasa ambao tezi zao ni chache, ziko mahali pamoja, na zimetulia au kunywea baada ya miezi kadhaa ya kemotherapia, yaani dawa za saratani. Ushahidi uliopo unatokana zaidi na kumbukumbu za wagonjwa waliochaguliwa, kwa hiyo wakala yeyote wa safari za matibabu akiwaahidi kuwa kupona ni hakika, msimkubalie. Upasuaji wenyewe ni mzito: damu inaweza kutoka kwa wingi, na maji meupe kama maziwa yanaweza kuvuja tumboni baadaye.

La nyaraka ndilo lililotutesa sisi. Hospitali moja ilitupa ripoti ya ukurasa mmoja bila picha, na tulipozifuata hazikupatikana, ikabidi ami avuke tena kwa boti hadi Mokowe, apande basi mpaka Mombasa na kurudia skani, safari nzima amekumbatia bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni isirukiwe na maji ya chumvi. Ombeni picha zote kwenye diski, na vile vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye uvimbe kwa uchunguzi na kuhifadhiwa ndani ya nta, kwa sababu daktari mwingine atataka kuvisoma upya. Skani ya PET, ile inayotafuta saratani mwili mzima, inapatikana Nairobi, basi msimsafirishe mgonjwa mbali kwa ajili ya kipimo hicho. Kisha ombeni kesi ijadiliwe na jopo, mpasuaji akae pamoja na daktari wa dawa za saratani na msomaji wa picha.

——

Ahsante sana, kaka yangu. Nimesoma ripoti upya: tezi ni mbili, ini ni salama, na kemotherapia bado hajaanza. Mdogo wangu anakwenda kesho asubuhi kuchukua diski.