Tupeane uzoefu: vibali vya mazingira kwa wenye karakana za mbao

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu maseremala, salaam. Naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyapitia katika kutafuta vibali vya mazingira, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuranda, kuunga na kupiga msasa, lakini hatukufundishwa kwamba vumbi, kelele na maranda yetu yana sheria yake.

Nianze na yangu. Nilipanga uwanja katikati ya nyumba za watu, nikavuta umeme wa njia tatu, nikafunga mashine ya kuranda na msumeno wa benchi, nikiamini kwamba leseni ya biashara na namba ya mlipakodi vinanitosha. Mwezi wa nne majirani walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika kwamba unga wa mbao unaangukia vyakula na nguo walizoanika, na kusema kweli walikuwa na haki. Maofisa walipofika waliuliza cheti cha mazingira kiko wapi, nami sikuwa na jibu. Nilifunga kwa wiki sita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kuanza, nilitakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira. Niliagizwa kuihamisha mashine kutoka kwenye ukuta wa jirani na kujenga chumba cha kukusanyia vumbi, kazi ambazo zingekuwa nyepesi sana kama ningezijua kabla ya kumwaga zege.

Je, wenzangu mlianzia wapi, na ni jambo gani lililowagharimu zaidi?

Mwenye kiwanda cha kuchana mbao, Mafinga

Pole sana, ndugu. Huku kwetu, karibu na shamba la Sao Hill, viwanda vya kuchana paina ni vingi, na kilichonigharimu mimi zaidi ni mtu niliyempa kazi. Alijitambulisha kuwa mshauri wa mazingira, akapokea malipo ya awali, akaniandikia ripoti nzuri kwa macho, kumbe hakuwa amesajiliwa, na ripoti ya mtu asiyesajiliwa haipokelewi. Nilianza upya. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi moja, ulizia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, kama jina la mshauri wako limo katika orodha yao. Uliza pia mradi wako unaangukia kundi gani, maana marekebisho ya kanuni yaliyofanyika mwaka 2018 yaliigawa miradi kulingana na uzito wa athari zake, na si haki kwa fundi mwenye mashine mbili kuandaliwa ripoti ya kiwanda kikubwa na kulipia gharama zake.

Jambo la pili ni mabaki. Maranda ya mbao zisizo na dawa hayanisumbui, kwa sababu wafugaji huja wenyewe kuyachukua na kuyatandika katika mabanda ya kuku. Lakini mimi pia hutia mbao dawa, ile yenye shaba, kromi na aseniki, na hapo ndipo wakaguzi walipokaa nami muda mrefu kuliko mahali pengine popote, wakitazama sakafu ambapo mbao zilizotoka kwenye dawa huachwa zichuruzike, kingo za kuzuia dawa isifike ardhini na mahali pa kuhifadhi mabaki. Awali nilikerwa na maswali yao. Baadaye nilikumbuka kwamba kabla ya hapo mafundi wangu walikuwa wakiwapa akina mama vipande vya mbao hizo wakapikie, ilhali moshi na majivu yake yana aseniki, ambayo ni sumu. Nimekwisha kuwapiga marufuku, na nawasihi wote mnaouza au kutumia mbao za dawa mfanye hivyo leo.

Fundi wa samani, Nairobi

Kwetu Kenya mamlaka ni NEMA, chini ya sheria ya mwaka 1999, lakini kesi yangu ilihusu kelele peke yake. Kanuni za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku katika eneo la makazi, na usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili. Nilikuwa nikifanya kazi hadi saa nne ili niwahi oda, na kelele zangu zilivuka kiwango hicho. Sasa mashine huzimwa saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo tunapiga msasa kwa mkono na kupaka vanishi.

Mama mwenye duka la samani, Arusha

Wanangu, naongeza machache. Cheti cha mazingira hakichukui nafasi ya usajili wa TFS, wakala wa misitu, wala hati ya kusafirishia mbao. Mkaguzi akikuta mninga usio na hati, cheti chako hakitakusaidia. Vilevile sehemu ya kazi inasajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mimi nilikuwa nikiuona usajili huo kuwa usumbufu hadi nilipoelezwa kwamba tangu mwaka 1995 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vijana wangu watano walikuwa wakifagia vumbi hilo likiwa kavu kila jioni huku wamejifunga vitambaa tu. Niliuza pikipiki ya duka nikanunua mashine ya kunyonya vumbi.

Mwanzisha mada

Shikamoo, mama, na asanteni nyote. Naomba uniambie mashine hiyo inahudumia misumeno mingapi kwa wakati mmoja, kwa maana chumba changu cha vumbi hakijapauliwa na bado naweza kubadilisha vipimo.