Squid bila diski: nibaki na RAM, ninunue SSD au niweke apt-cacher-ng?

fundi_umoja
Habari wadau. Nina chumba cha mafunzo hapa Umoja, kompyuta 20 za Ubuntu 22.04, na mashine moja ya RAM GB 8 inayoendesha Squid, proksi inayotunza nakala za faili zilizopakuliwa. Stima ilipotea mara tatu wiki moja, diski ikafa. Nikaondoa cache_dir (hifadhi ya diskini), nikabaki na cache_mem (hifadhi ya RAM) ya GB 2. Jana wanafunzi wamesasisha mashine, bando ikaliwa kana kwamba proksi haipo. Kwenye access.log ni TCP_MISS (imefuatwa nje) juu ya TCP_MISS, faili ileile! TCP_MEM_HIT (imetoka kwenye RAM) naiona kwa vipicha vidogo tu.

shosho_wa_linux
Usinunue kitu bado. Umegusa maximum_object_size_in_memory, kikomo cha faili moja kwenye RAM? Usipoiandika, ni KB 512. Umejenga ghala la GB 2 ukaliwekea mlango wa paka. Pakiti kubwa (faili ya programu) inapita kwa mteja, haibaki. Weka MB 100, uwashe Squid upya, kisha vuta faili moja mara mbili kwa curl. Ya pili isipoandikwa TCP_MEM_HIT, rudi hapa.

Tena, mashine zote 20 zikianza kwa pamoja, kila moja inaenda nje kivyake. Washa collapsed_forwarding, inayounganisha maombi ya faili moja; huwa imezimwa.

nyaya_ngara
Mimi ningenunua SSD, na UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea). RAM inasahau kila kitu stima ikienda, na huko kwenu inaenda. Lakini usijaze cache_dir ovyo: kila GB 1 ya diski hula takriban MB 14 za RAM kwa faharasa yake, kwa hivyo GB 100 ni kama GB 1.4. Na cache_mem si kikomo cha Squid nzima, yenyewe hutumia zaidi. Ikianza kugusa swap (diski badala ya RAM), utalia.

ticha_kayole
Kama shida ni pakiti tu, apt-cacher-ng (proksi ya pakiti za apt), port 3142, umemaliza. Inahitaji diski, lakini flashi nzuri yatosha kuanzia. HTTPS (mawasiliano yaliyofumbwa) isahau kwa zote: utaona CONNECT na TCP_TUNNEL, hakuna cha kuhifadhi. Snap ya Firefox imo humo.

fundi_umoja
Shosho, nakushukuru. libreoffice-core mara ya pili imetoka TCP_MEM_HIT, hata feni za rauta zimetulia (natania, haina feni). Ila linux-firmware bado MISS.

shosho_wa_linux
Hiyo inapita MB 200, kaka. Mlango ulioweka ni wa 100.

fundi_umoja
Nimeweka 400. Imeingia. Kwa free -h bado nina RAM ya GB 4 na ushei. SSD ingoje karo za muhula ujao, apt-cacher-ng nitaijaribu Jumamosi watoto wakiwa hawapo.

nyaya_ngara
Na UPS?

fundi_umoja
Ndugu yangu, usinikumbushe.