Mrejesho: shirika letu la hisani na imani ya jamii

Ndugu zangu, niliwauliza namna shirika dogo la hisani linavyoweza kurudisha imani ya jamii baada ya michango kupungua na watu wa kujitolea kuondoka mmoja mmoja. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Ushauri uliozaa matunda zaidi ni ule wa kubandika mapato na matumizi mahali pa wazi, kwa lugha ambayo hata asiyejua uhasibu anaielewa, ikiwemo sehemu inayokwenda kwenye mishahara na kodi ya ofisi. Baadhi ya wajumbe wa bodi walihofu kwamba tungejichongea. Kinyume chake, watu walikuja na maswali magumu, wakajibiwa, na kadhaa kati yao wameanza tena kuchangia. Tulifuata pia pendekezo la kuwasikiliza walengwa kabla ya kupanga mkakati, na hapo ikabainika kwamba walihitaji masomo ya jioni kwa watoto wao kuliko nguo tulizokuwa tukigawa, jambo ambalo naamini lisingejulikana kamwe kwa kukaa ofisini. Ugawaji wa nguo tumeusitisha.

Kuwaingiza wanajamii kwenye bodi bado hakujafanikiwa, kwa sababu vikao hufanyika saa za kazi na waliochaguliwa huhudhuria kwa nadra. Sasa tunavihamishia jioni. Wafadhili wakubwa wa zamani nao hawajarudi. Kwa aliyependekeza kampeni ya matangazo: tumeiahirisha mpaka masomo ya jioni ya watoto yasimame imara.